Baba Anatafuta Mpokeaji

Baba yangu, Mzee Meshack, hajawahi kumpa mtu ng'ombe wa kumtunzia bila kwanza kula na kulala kwake. Kwetu Handali ndivyo ng'ombe wanavyowekeshwa: unampelekea rafiki wa kijiji cha mbali ng'ombe kadhaa, ili ukame ukipiga huku usifilisike kwa mara moja. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione kwa macho yako. Ila kabla ya yote hayo baba huenda mwenyewe, akakagua zizi, akasikiliza mtu huyo anavyoongea na mkewe. Mara nyingine amerudi na ng'ombe wake na sababu hasemi.

Mwaka huu nilimaliza kidato cha sita, nikachaguliwa chuo kikuu pale Dodoma mjini kusoma takwimu. Takwimu nimeitamani tangu kidato cha nne, na mtu akiniuliza inahusu nini namjibu kwa urefu mpaka anajuta. Baba hakukataa. Alisema tu, "Twende kwanza tukamwone atakayekupokea." Asipopatikana, basi nitakwenda Singida kwa baba mdogo Charles, ambako kuna chuo cha hoteli jirani na nyumba yake, nikajifunze kutandika vitanda. Najua ni kazi ya heshima. Mimi siitaki.

Kwa hiyo siku ya wageni tulifika chuoni mapema, baba kavaa koti lake la kanisani na fimbo mkononi. Kijana aliyepangiwa kututembeza aliitwa Jordan, wa mwaka wa tatu, kavaa fulana ya chuo na maneno hayamwishi.

"Karibuni sana. Tutaanza na library, then tunakwenda lab za kompyuta..."

"Mwenye nyumba yuko wapi?" baba akauliza.

"Nani, mzee?"

"Mwenye hapa. Mgeni haingii vyumbani kabla hajamsalimia mwenye nyumba."

Jordan akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mzee, hiki ni chuo cha umma. Ni cha wananchi wote."

Baba akanigeukia. "Umesikia? Hakina mwenyewe."

Maktaba aliitazama kwa heshima, akauliza nani hulala humo. Kwenye ukumbi wa mihadhara alivitazama viti vilivyopanda hadi darini, akataka kujua mwalimu anamtambuaje ambaye hakuja. "Hamtambui," Jordan akasema kwa majivuno. "Hapa ni uhuru, mzee. Hakuna wa kukufuatilia!" Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kwenye ofisi ya udahili tulimkuta kaka mmoja aliyevaa tai, jina lake Seth, mpole kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayempokea huyu?"

"Hapana, mzee. Siku hizi wanafunzi wanapokelewa na mfumo."

"Mfumo ni mtu wa wapi?"

"Siyo mtu, mzee. Uko humu kwenye kompyuta. Mwanafunzi anajaza taarifa zake, mfumo unampokea."

"Basi niitie nimsalimie."

Seth akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Samahani, mzee. Leo mfumo uko chini."

Baba alisikitika kwa dhati. "Anayempokea mwanangu," akaniambia, "hata kusimama hawezi." Kisha akamwinamia Seth. "Na huyu akinifia hapa, mfumo utaniletea nini?"

Seth akanitazama mimi. Mimi nikaitazama feni.

Nje, baba alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi. "Violeth, nimetafuta. Tupitie stendi tuulize basi la Singida." Nilikasirika hadi machozi yakanitoka mbele za watu. Nikamwambia mtu mzima wa miaka ishirini hapokelewi kama ndama. Akasema, "Ndama ninao wengine," akaanza kutembea.

Jordan, ambaye nadhani mguu ulikuwa bado unamuuma, akatukimbilia. "Bado mabweni, mzee. Twendeni kwa mlezi wa wasichana, ni mtu mzima mwenzako."

Mlezi huyo, Mama Nasra, alikuwa mwanamke mpana mwenye mtandio na sauti ya kuamrisha. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akakataa. "Mzee wangu, nina wasichana mabweni matatu. Nikimpokea mmoja kwa mkono, kesho wazazi wa nchi nzima watapanga foleni hapa. Binti ana akili na miguu anayo. Atajipokea mwenyewe." Simu yake ikaita. Akaibana kwa bega huku akifunga kabati, akaitikia, "Mwangaluka!" na kuendelea kwa lugha ambayo si Kigogo wala Kiswahili.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamshika baba koti. "Baba, huyu mama ni Mnyamwezi."

Baba, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akasimama. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wagogo tangu enzi za misafara, na kwa mtani hakuna kusubiri kujuana.

"Ndiyo maana!" akasema kwa sauti iliyojaa ukumbi. "Nashangaa mtu anaongea na simu kaiweka begani. Kumbe mmezoea mizigo! Babu zenu walipita kwetu na pembe za ndovu za watu, ulimi nje, tukawauzia maji."

Mama Nasra alikata simu bila kuaga. "Mgogo! Nilijua tu. Mtu anakuja chuo kikuu na fimbo, kadhani ni mnadani. Na hongo ya kupita kwenu mliyowatoza babu zangu mmeifanyia nini? Mpaka leo bado mnachimba visima!"

"Tulinunulia ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Wale ambao mbavu zao mtu anazihesabu akiwa Tabora?"

"Dada, nimwite mlinzi?" Jordan akaninong'oneza. Nikamwambia anyamaze, mambo sasa yananyooka.

"Hongo ile naidai leo," Mama Nasra akasema, kanyoosha kidole kwangu. "Nalipwa na huyu binti. Atanioshea sufuria miaka mitatu, nami nitamrudisha kanenepa, mumkatae kwamba si Mgogo."

Baba alicheka hadi akafuta macho kwa mkono wa koti. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mama afariki na nyumba ikabaki na sisi wawili. Kisha akatulia, akataja ukoo wake, akamwuliza Mama Nasra jina la baba yake na kijiji chao, naye akajibu kila kitu bila mzaha. Baba akanishika mkono, akautia kwenye mkono wa yule mama.

"Huyu ni Violeth. Mama yake hayupo. Akikosa, mseme, fimbo hakuizoea. Akiumwa nipigie mimi, usiupigie mfumo."

"Nimepokea," akasema Mama Nasra.

Nilifurahi mno. Singida na vitanda vyake vikafutika hapo hapo. Mama Nasra akanivuta kidogo anioneshe chumba, nami sikwenda, kwa sababu baba alikuwa bado amenishika kifundo cha mkono.

"Mtani, nimeshasema nimepokea."

"Nimesikia."

"Basi achia."

"Nakagua kama umeshika vizuri."

Alikagua kwa muda mrefu. Jordan akageuka kusoma matangazo ukutani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu asubuhi mzee huyu alikuwa akitafuta mtu huku akiomba asimpate, na hasira yangu yote ikaniishia.

"Baba," nikamwambia, "sasa ni Septemba. Chuo hakijafunguliwa. Leo tunarudi wote nyumbani."

"Najua," akasema, na mkono hakuachia.