Chumba cha Rangi Hakimo

Kwa miaka kumi na moja mhadhiri yule aliwafundisha wanafunzi wa shahada ya uongozi wa biashara somo la uendelevu, yaani namna ya kupata faida bila kuharibu maji, hewa wala watu. Walimwita Mama Vipimo, tena mbele yake, maana sheria yake ya kusahihisha ilijulikana hadi kwa wapishi wa kantini: dai lisilo na kipimo linafutwa. Ukiandika kwamba kiwanda kinachafua mto bila kusema kwa kiasi gani, kalamu nyekundu inapita. Alijivunia kalamu ile.

Mwanafunzi wake bora kuliko wote sasa alikuwa meneja wa kiwanda cha nguo. Taarifa yake ya uendelevu ilinyooka, kila sentensi na tarakimu yake. Mama Vipimo aliidurufu nakala arobaini za kufundishia. Akaiamini kiasi kwamba mdogo wake wa kiume alipokosa kazi, yeye mwenyewe alimwombea nafasi huko. Kijana akapelekwa chumba cha rangi.

Mwaka wa tatu mapafu yakamgomea. Daktari aliuliza anavuta hewa gani kazini. Dada mtu akakimbilia ile taarifa, akaipekua mwanzo hadi mwisho, kisha akaenda nayo kiwandani.

"Shikamoo, mwalimu," meneja alisema, akamvutia kiti.

"Marahaba. Mbona chumba cha rangi hakimo humu?"

Meneja akainamisha kichwa. "Kwenye rasimu niliandika, 'Watu wanakohoa mle ndani.' Halafu nikakumbuka kalamu yako. Kipima hewa hatuna, mwalimu. Nikafuta."

Hakuwa akimkejeli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alijibu kwa adabu ileile ya darasani, akingoja aambiwe amepata au amekosa. Mama Vipimo alikuwa amejiandaa kumpa vidonge vyake, lakini aliirudisha taarifa mkobani akaondoka.

Hospitali alimkuta mdogo wake ameegemezwa mito mitatu, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata. Mgonjwa aliiona taarifa ikichungulia mkobani mwa dada.

"Dada, ndiyo hiyo unayofundishia? Sisi tupo ukurasa wa ngapi?"

Dada alitamani kumdanganya. Alifunua kurasa za maji, za umeme, za mabaki ya vitambaa.

"Hampo, mdogo wangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mgonjwa akatabasamu. "Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa likizo." Kicheko kikageuka kikohozi, na dada akamshika mgongo mpaka kilipotulia.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu Mama Vipimo aliingia darasani na nakala zake arobaini. Mwishoni mwa kila moja alikuwa ameandika kwa mkono, kwa wino mwekundu: Watu wanakohoa mle ndani.

Wanafunzi walisoma kimya. Kisha binti wa mstari wa mbele, mwenye bidii kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sentensi ya mwisho haina kipimo. Tuifute?"

Mama Vipimo alitikisa kichwa. Alivuta kiti akaketi, kitu ambacho hakuwahi kufanya darasani.

"Alikuwa mdogo wangu," alisema, akalia mbele yao.