Tairi za Mkunga Nyevu

Mwaka uliofuata baada ya vita kwisha, mkunga mwenye baiskeli Kisauni nzima alikuwa Nyevu peke yake, na kwa wiki tatu za mwanzo baiskeli ile ilimtesa kuliko ilivyomsaidia. Aliachiwa na muuguzi wa Kizungu aliyerejea kwao. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, ya kupendeza, na ilikuwa imeundwa kwa ajili ya barabara za lami. Njia za Nyevu zilikuwa mchanga, mawe ya matumbawe na miiba ya migunga. Jumatatu alipata pancha. Jumatano akapata mbili. Ijumaa aliikokota toka Bombolulu hadi Shanzu, na alipofika alimkuta mtoto keshazaliwa, keshaogeshwa, amepakatwa na bibi yake mlangoni. Bibi akamweleza kwa upole kwamba mgeni amengoja mkunga mpaka amechoka, akaamua kuja mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Nyevu akaenda kwa Gona.

Gona alikuwa fundi baiskeli, kijana wa Kigiriama aliyekaa Bama, kule Asia, miaka mitatu na jeshi wakati wa vita, kazi yake tairi za magari. Nyevu alimwambia anataka tairi nene kuliko zote alizo nazo, zile ambazo mwiba ukiziona utarudi ulikotoka. Gona akatoa jozi moja ya jeshi, pana kama mkono wa mpiga makasia, akavisha moja kwenye gurudumu la nyuma na kulirudisha mahali pake. Gurudumu halikuzunguka. Tairi lilikuwa limebanwa huku na huku na uma wa fremu, na juu limekwama kwenye madigadi. Nyevu akashika kwa mikono miwili akasukuma kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikaruka, kengele ikalia yenyewe, na gurudumu likabaki vilevile. Wakatazamana, wakaanza kucheka, na kila mmoja alipojaribu kunyamaza mwenzake alimwanzisha tena.

Walipotulia, Gona akasema dawa ni kuondoa madigadi. Nyevu akakataa katakata. Hawezi, alisema, kuingia chumba cha mzazi na sare nyeupe yenye mstari wa tope toka kiunoni hadi shingoni. Hapo Gona akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamuuliza hupita njia zipi, mkoba wake una uzito gani, na huendaje masika. Nyevu akajibu yote, na mengine ambayo hakuulizwa.

Basi Gona akachukua punje ya hindi, akamwonyesha kazi ilivyo. Baina ya tairi na chuma, alisema, lazima punje hii ipite, juu na pande zote mbili. Isipopita, siku ya mvua tope litajaa pale, gurudumu litasimama, na mkunga ataendelea na safari bila baiskeli. Kwa hiyo unene si wa kwenda mapana. Wanachotafuta ni tairi jembamba lenye mpira mgumu na mnene pale linapokanyaga.

Tairi zilikuwa adimu miaka ile. Gona alizitafuta siku nne, kila alipopata nafasi ya kutoka dukani, Changamwe mpaka Likoni. Siku zote nne Nyevu alipita dukani kuuliza: mara ya kwanza kuhusu tairi, mara ya pili kuhusu breki ambazo hazikuwa na kasoro, mara ya tatu alisahau alichokuja kuuliza, akakaa tu kwenye benchi akasimuliwa mvua za Bama. Siku ya nne alimwona Gona akija barabarani na tairi mbili shingoni kama mashada ya maua, anatembea huku akicheka peke yake.

Alimpa Nyevu msumari, akamwambia achome tairi. Nyevu akachoma mpaka kidole gumba kikauma, na msumari haukupita. Ndani ya kila tairi Gona akatandika ukanda wa turubai la jeshi, kati ya tairi na mpira wa ndani, akajaza upepo. Mbele punje ikapita. Nyuma ikapita ubavuni, juu ikagoma. Gona akafungua madigadi, akatia washa mbili, vile vipete vya chuma, kuyainua, akakaza. Nyevu mwenyewe akashika punje na kuipitisha. Ikapita. Akairudisha, ikapita tena, naye akacheza palepale dukani mkoba ukiwa begani.

Hawakungoja sana kuzijaribu. Mume wa Dhahabu, mmoja wa wajawazito wake, alikuja mbio kutoka Shanzu kusema mkewe ameshikwa na uchungu. Nyevu akapanda. Alipita kwenye miiba ile ile, juu ya mawe yale yale, akazunguka kona za shamba la mkonge akiimba kwa sauti, kuku wakimpisha. Mume wa mtu alikuwa ameachwa nyuma kitambo. Dhahabu, mwanamke mwenye vituko hata katika uchungu, alikataa kulala mpaka aione baiskeli, akasimama mlangoni ameshika kiuno na kuisifu. Kabla ya adhuhuri alijifungua pacha, msichana na mvulana, na baba yao akafika wakati wa kumpokea wa pili. Nyevu alipokwisha kunawa aliinama akachomoa miiba kumi na mmoja kwenye tairi. Upepo ulikuwa haujapungua.

Zikapita siku kumi na mbili bila pancha hata moja. Siku ya kumi na tatu Nyevu alienda dukani, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Bwana Gona," alisema, "umenifanyia kazi nzuri mno. Sina tena sababu ya kuja hapa."

Gona aliweka bisibisi chini. "Mimi kila asubuhi namwomba Mungu akupe mwiba mmoja tu," alisema. "Kisha nawakumbuka wajawazito, naona haya, naomba msamaha."

Nyevu akakaa kwenye benchi akicheka. Alipopata pumzi alimwambia aje kwao Jumapili; baba atamuuliza ukoo wake na mama atamlisha mpaka ashindwe kujibu. Gona akasema atakuja, na angekuja hata leo. Nyevu akamwambia basi waende.

Saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, akafunga duka. Nyevu akashika usukani kwa kuwa baiskeli ni yake, Gona akakaa kwenye keria amekunja miguu yake mirefu isiburure chini, na wakashuka barabara ya Kisauni wakiyumba, mkunga akipiga kengele na fundi akimwambia apige tena.