Taa ya Kushoto

Lori la viazi vikuu lilirudi nyuma pale sokoni likavunja taa ya kushoto ya gari la mke wangu, Dufie. Ni Opel ya zamani. Kila Alhamisi huliendesha kutoka Kumasi hadi Techiman kununua nyanya, akiondoka kabla hakujapambazuka. Bila taa hakuna nyanya. Nimekuwa fundi umeme wa magari huku Suame, mtaa wa magereji wa Kumasi, kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani ataitafuta nyingine.

Niliing'oa iliyovunjika nikaibeba mkononi, kama tufanyavyo wote. Anayetafuta spea za mtumba bila kushika mfano hutajiwa bei ya mgeni. Nilipita banda kwa banda. Moja ilikuwa na masikio mawili ya kufungia badala ya matatu. Nyingine ilikuwa na pini tano, yangu ina tatu. Saa sita mchana nikafika kwa Maame Pokuaa, ambaye huuza taa na vioo tu. Alikuwa anakula wali na maharage kwenye jani.

"Fundi Kusi, unazunguka na hilo jicho bovu tangu asubuhi," alisema. "Mwenye zima unamjua."

"Simjui."

"Boadi. Kontena lake la Ujerumani limefunguliwa juzi."

"Nitatafuta kwingine."

Akacheka hadi akaweka jani chini. "Miaka kumi na miwili, baba. Mke ulipewa wewe, yeye akarudishiwa pombe yake. Wivu ulipaswa kuwa wake. Wewe umembebea wa nini?"

Nilikuwa na jibu, ila si la kusema mbele ya watu. Wajomba wa Boadi walipokwenda kumposea Dufie, kupiga hodi kwao na chupa mbili za pombe, chupa zile zilikaa kwa baba yake wiki tatu ndipo zikarudishwa. Zangu zilikubaliwa siku ileile. Watu husema hiyo ilikuwa heshima kwangu. Mimi huhesabu zile wiki tatu. Kuna mtu alikuwa akifikiri wiki tatu nzima, na sijawahi kuuliza ni nani.

"Basi ninayo moja," alisema Pokuaa, "lakini ya Uingereza. Angalia mshale."

Niliuona, mdogo, chini ya kioo. Taa za kule hutengenezewa watu wanaopita kushoto, na mwanga wake huinuka upande huo. Sisi tunapita kulia. Kushoto ndiko aliko anayekuja.

"Nitaiinamisha," nikasema.

"Wewe ndiye fundi."

Masikio matatu, pini tatu. Ilikaa vizuri kama ya kuzaliwa nayo. Mteja angeniletea taa ile, ningemkatalia.

Dufie aliporudi Alhamisi nikamuuliza kama inawaka.

"Inawaka. Ila madereva wa siku hizi wakorofi. Njia nzima wananiwashia taa fulu."

Nikamwambia ndiyo tabia ya wenye malori. Nikaiinamisha zaidi.

Alhamisi iliyofuata alichelewa. Majani yalikuwa yamenasa kwenye bampa na kioo cha pembeni hakipo. "Basi lilinijia moja kwa moja," alisema. "Dereva alikuwa haoni. Nikatoka nje ya barabara. Nyanya zimepondeka, mimi mzima." Akaingia ndani kunawa.

Asubuhi nikaenda kwa Boadi.

Hakunisubiri niseme. Aliingia nyuma akarudi na taa iliyofungwa kwenye shati kuukuu. "Haina mshale," alisema.

"Umejuaje ninachotaka?"

"Mkeo alipita Jumatatu. Nikamwambia, mumeo ni fundi, namheshimu, aje mwenyewe. Akasema nikae nayo tu, hawezi kukutuma kwangu."

Kumbe aliondoka Alhamisi ile akijua taa nzuri iko wapi. Alipanda gari na ile niliyomfungia mimi.

Nikalipa bei aliyoitaja. Sikutaka anipunguzie kitu. Nilipogeuka akauliza, kwa sauti ya chini, "Bado hucheka kabla hajamaliza kusimulia?"

"Bado," nikasema. Sikujua kwamba na yeye alikuwa amelishika hilo.

Sasa gari lina taa mbili zinazoangaza kunakotakiwa. Lakini ya kushoto ina kioo cheupe, na ya kulia imefifia kuwa ya manjano, kwa hiyo kila nikilitazama gari namwona Boadi. Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa mbele ya gari na kitambaa na dawa ya meno nikaanza kuisugua ya kulia. Dufie akaja akasimama.

"Ya kushoto huigusi?"

"Ile safi."

"Naona."

Nikaendelea kusugua. Halafu nikasema, bila kumtazama, "Zile wiki tatu. Ni nani aliyekuwa akifikiri?"

Hakuuliza wiki zipi. Alianza kucheka, akashika boneti. "Hakuna aliyekuwa akifikiri. Mimi nilikataa siku ileile. Lakini baba alikuwa ameshafungua chupa moja. Utamrudishia mtu chupa iliyofunguliwa? Tulizunguka Kumasi nzima tukitafuta inayofanana."

"Mkaipata?"

"Karibu sawa. Karatasi yake ilikuwa na rangi tofauti kidogo. Hakuna aliyeangalia."

Alirudi ndani bado akicheka. Nilikuwa nimepata jibu la miaka kumi na miwili, na lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Lakini Boadi lazima aliiangalia karatasi ile. Yule huangalia, na hakuwahi kusema.

Nikakamua dawa nyingine kwenye kitambaa.