Najib Anaendelea Vizuri

Siku ambayo Najib hakurudi, mama yake, Kaaha, alikuwa kwenye soko la Garissa, ameketi juu ya dumu tupu, akimngoja alete maziwa ya jioni. Ilikuwa mwaka wa 1994, na askari walikuwa wakisaka majambazi kwenye barabara ya Bura. Magharibi punda alifika peke yake, maziwa yameganda mgongoni. Kituo cha polisi walisema hakuna aliyekamatwa kwa jina hilo. Kaaha aliporudi mara ya pili, walimuuliza kama ana hakika aliwahi kuzaa mwana.

Chuo kikuu kilipofunga, Abdow alikuja kutoka Nairobi alikokuwa akifundisha. Alikuwa mzaliwa wa Bura, na alitafiti jinsi vijana wa wafugaji wanavyojifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Najib alikuwa mmoja wa vijana aliowarekodi.

"Eddo," alisema, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "kijana wako anaendelea vizuri."

Akaweka kaseti ileile aliyomrekodia kabla hajapotea. Wakati huo Najib alijua salamu na bei ya mbuzi tu. Sasa sauti yake ilisimulia mambo ya jana na juzi. Abdow alikuwa amewaona wanafunzi wengi wakiimarika nje ya darasa, kwa hiyo hakuona ajabu.

"Hooyo, uko wapi?" Kaaha aliuliza kwa Kisomali, akimwita mwanawe kwa neno la mama, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake.

Kaseti ikakwama.

"Kiswahili tu, eddo. Ndiyo masharti ya utafiti."

Kaaha alikuwa na Kiswahili cha sokoni: lete, chukua, hakuna kukopa. Akajiandikisha ngumbaru, akakaa dawati moja na wazee waliotaka kusoma majina yao. Lul, jirani yake wa maziwa, alimcheka.

"Kaaha, utaandika na meno gani? Ama unataka kuwa DC?"

"Nikiwa DC, wewe ndiye wa kwanza kufukuzwa sokoni."

Kila likizo Abdow alirudi na kinasa sauti chake. Likizo moja Najib alisema, "Mama yangu anauza maziwa mingi, maji mingi zaidi." Kaaha alielewa. Alifunika mdomo kwa shela akacheka mpaka akalia, kisha akasema ni uongo, maji huwa ni kidogo.

Likizo iliyofuata alikuwa na maneno ya kutosha.

"Najib, uko wapi?"

"Niko nyuma ya kambi ya askari, mama, kwa shimo ya changarawe. Tuko wengi. Hatukusaliwa. Uso yangu haiangalii kibla."

"Walikufanya nini?"

"Nilibigwa. Halafu nilibigwa risasi."

Abdow alikuwa akiandika haraka. "Umesikia, eddo? Kauli ya kutendwa! Mwaka jana hakuiweza kabisa."

Asubuhi Kaaha alikwenda kambini na sanda mpya chini ya mkono. Alimweleza mkubwa wa kambi kila kitu: lile shimo, mwanawe, na sala ambayo maiti anawadai walio hai. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, Kiswahili chako ni safi," alisema. "Umejifunza wapi?"

Kisha akamwambia kwamba raia haruhusiwi kufika kwenye shimo.

Kaaha alimwomba Abdow aende naye, awasikilizishe askari kaseti. Abdow alitazama viatu vyake.

"Siwezi, eddo. Majina ya wahojiwa tunayaficha, ndiyo maadili ya kazi. Kwenye utafiti wangu hakuna Najib. Kuna Mhojiwa wa Saba."

"Basi nipe nimzike huyo wa saba."

Abdow alitoa kaseti, akaifuta vumbi kwa shati, akaitia mfukoni.

Abdow alipata udaktari wake. Sanda ilitumika Lul alipofiwa na mumewe. Siku hizi, kila muhula, wanafunzi wa mwaka wa pili huwekewa kaseti hiyo Nairobi. Najib huwaeleza shimo liko wapi, nao huhesabu makosa. Yamebaki machache.