Maji ya Tumati Kufika Misri

Patriki hakuwa na viatu. Hakuwa na ng'ombe wa kutosha kuitwa zizi, wala baba mdogo mwenye maneno wa kwenda kumposea, wala hakuwa amewahi kuona mto ambao mbuzi hawezi kuuruka. Upungufu huo wa mwisho ndio uliomponza.

Maana baba yake Justina, msichana aliyetaka kumwoa, Mzee Alfredi, alikuwa askari huko Misri wakati wa vita, na tangu arudi kijijini Tumati hakuna aliyemsalimia akaondoka bila kusimuliwa Mto Naili.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa habari ya Justina."

"Marahaba. Umewahi kuoga Naili?"

"Bado, mzee."

"Bado! Kama vile anakwenda kesho!" Mzee akamwita mkewe. "Benedikta, njoo umwone mwogaji! Kijana, Misri yote ni mchanga. Bila mto ule hakuna ngano, hakuna pamba, hata punda hayupo. Wewe una kijito! Haya, siku maji ya kijito chako yakifika Misri, mwoe Justina. Naapa mbele ya mama yake."

Justina, aliyekuwa akipepeta mtama, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Patriki hakujua anachekwa yeye au mzee.

Jioni, kwenye darasa la watu wazima, alimwuliza Mwalimu Tomaso kijito chao huishia wapi, na Naili hutoka wapi. Mwalimu akafurahi, akachora ubao mzima. Mito ya Bukoba na Usukuma huingia Ziwa Viktoria, akasema, na Naili hutokea humo.

"Kumbe mzee aliogea maji ya Tanganyika!"

"Ndiyo, lakini si ya Tumati. Ya kwetu hushuka bondeni yakafia kwenye maziwa ya chumvi."

Patriki akanywea. "Na hayo ya Viktoria hufika yote?"

"Wapi! Sudani kuna kinamasi kikubwa, karibu nusu hukaukia humo. Lakini nani anajali? Mto unahesabiwa umefika."

Patriki akaanza kutabasamu peke yake.

Jumapili alikwenda kwa mzee na kibuyu, karatasi, na bahasha ya dukani kwa Hatibu, Dongobesh.

"Mzee, yule rafiki yako kinyozi wa Kairo, aliyejifunza Kiswahili kwa matusi ya askari, hujamwandikia. Sema, niandike."

Mzee alisema sana, akaulizia hali ya mto kabla ya hali ya watoto. Mwishowe Patriki akachovya kidole kibuyuni, akalowesha gundi ya bahasha.

"Maji gani hayo?"

"Ya kijito, mzee. Yanakwenda Misri."

Mzee akainyooshea bahasha kidole. "Yatakauka njiani!"

"Hata ya Naili hukaukia Sudani, mzee. Mbona husemi uliogea nusu mto?"

"Uliapa mbele yangu," Benedikta alisema.

Mzee akaigeuzageuza bahasha. Akakohoa.

"Hujui kazi. Hapa pembeni pakavu. Lete kibuyu." Akalowesha mwenyewe, akakandamiza kwa dole gumba. "Na stempu pia. Misri ni mbali."

Kesho yake barua ilipanda lori la Hatibu kwenda posta ya Mbulu.