Kesi Aliyoshinda Kache

Katika hoteli ya Diani alikotandika vitanda Kache, kila mwanamke mwenye mtoto aliijua desturi moja ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote. Mvua za Aprili zikianza, wageni huisha, hoteli hupunguza watu, na mama asiye na mshahara humpeleka mwanawe kwa bibi yake. Desemba wageni wakirudi, mtoto naye hurudishwa. Hakuna aliyeona haya kwa hilo. Mtoto aliye kwa bibi yake hajatupwa, yuko kwao.

Kache naye alimpeleka bintiye Purity kwa mama yake, Kinango, mtoto akiwa gredi ya pili. Desemba ikaja ikapita, ikaja ya pili, na mtoto hakurudi. Chumba chake cha kupanga Ukunda kilikuwa kimepanda kodi, na baba mtu, Seth, alikuwa ameacha kuleta hata kilo moja ya mchele. Kila likizo ikiisha, Purity alizikunja nguo zake, akazitia mkobani, akaketi nao kizingitini mpaka bibi yake amwambie azitoe. Kache alipoambiwa habari hiyo hakulala vizuri wiki nzima. Akaenda kwa afisa wa watoto, akafungua kesi ya matunzo, kisha akamwahidi bintiye kwa simu, "Nikishinda kesi, nakuja kukuchukua."

Maskini, alidhani kesi ni kama kufua shuka, ukiianza asubuhi jioni imekauka. Hii ilitajwa mara saba. Na kutajwa ni nini? Ni kukaa kwenye benchi tangu saa mbili, usikie jina lako, usimame, upewe tarehe nyingine, uketi. Kila tarehe ilimla Kache siku ya kazi, na msimamizi wake hotelini alikwisha kumwambia kwamba vitanda havijitandiki.

Seth alikuwa mhudumu wa baa huko Galu, mtu wa bara aliyeshuka pwani na tabasamu lake na vyeti viwili. Mwezi wa Mei alikuja kortini na barua ya meneja: hoteli imefungwa kwa mvua, hana mshahara. Ilikuwa kweli. Agosti, Galu yote ikiwa imejaa wageni na Seth hana hata nafasi ya kukaa, hakimu alikuwa likizo. Novemba faili halikuonekana. Desemba Seth alikuwa na pesa, lakini korti ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Ungedhani hakimu na watalii walikuwa wamekula yamini wasionane.

Mwanaima, aliyesafisha vyumba pamoja na Kache, ndiye aliyeona mapema mahali pa kuteleza. Walikuwa wakivuta shuka, mmoja huku na mwingine kule.

"Kwenye ile fomu uliandika mtoto anakaa na nani?"

"Na mama yangu. Ndivyo ilivyo."

"Ungeandika anakaa nawe. Siku ya korti unamleta, unamvisha viatu, mnaketi naye benchi la mbele."

"Nidanganye, dadangu?"

"Si uongo huo. Si mwanao?"

Kache alitikisa kichwa. Kuandika vingine ni kumnyang'anya mama yake miaka miwili ya kuchota maji na kukoroga uji. Tena aliona ukweli ndio utakaomsaidia. Hakimu akishajua mtoto yuko mbali kwa sababu ya umaskini, si atamwamuru baba asaidie ili mtoto arudi?

Mei ilipofika tena, kesi ikasikilizwa. Hakimu alikuwa mwanamke mpole aliyewatazama watu usoni.

"Mheshimiwa, mimi sijakataa mtoto," Seth alisema. "Nikipata natoa. Lakini hata huyu mama hakai na yeye. Mtoto ako Kinango na shosho."

"Ni kweli?" hakimu akamuuliza Kache.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Nataka arudi kwangu. Ndiyo maana nimekuja."

"Huko aliko anakula vizuri? Anasoma?"

Hapo Kache alikwama. Neno moja tu, hapana, lingemrudisha mtoto Ukunda. Lakini angelitamkaje, na mama yake ndiye anayelala njaa ili mjukuu ashibe?

"Anakula, Mheshimiwa. Anasoma. Amekuwa wa tatu darasani."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alisema wazazi wote wawili wana kazi za msimu, na malezi ni jukumu lao wote. Mtoto ametulia, asihamishwe huku na huku. Matunzo yamfuate mtoto aliko. Kila mwezi Seth atamtumia bibi nusu, na Kache atamtumia nusu.

Kache alisimama akitafuta kosa katika maneno yale, asilione. Kila neno lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomchosha kuliko miaka yote ya kungoja. Alikuja kudai, sasa anadaiwa. Nusu yake ndiyo ile aliyokuwa akiiweka pembeni, shilingi kwa shilingi, kwa ajili ya chumba kikubwa kidogo.

Nje, Seth alimfuata. Hakuwa na kiburi. Kola ya shati lake ilikuwa imechakaa.

"Si umeshinda, Kache? Ulitaka nitoe, nitatoa."

"Nilimtaka mtoto, Seth."

Seth alitazama chini. "Hata mimi sina mahali pa kumweka," akasema, akaenda zake.

Simu ikalia. Namba ilikuwa ya mama yake, sauti ilikuwa ya Purity.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeshinda?"

Kache alitaka kusema, "Bado." Lakini neno hilo alikwisha kulisema mara saba, na mara hii lingekuwa uongo.

"Nimeshinda," akasema.

Kabla hajaongeza neno "lakini", alisikia simu ikiwekwa chini na miguu ikikimbia. Akaita jina la mtoto mara mbili. Baada ya kitambo mama yake ndiye aliyeishika simu.

"Kache, umemwambia nini huyu mtoto? Ameanua sare kambani ingali mbichi, anaitia mkobani."

Kache aliegemea ukuta wa korti. Watu walimpita wakiwa na mafaili yao kwapani.

"Mama," akasema, "mwambie airudishe kambani. Mwambie ikauke kwanza."