Kitanda Sifuri

Saa nne asubuhi muuguzi wa zamu alinyoosha shuka la kitanda sifuri, akamlaza mshona viatu juu ya wenzake waliotangulia. Kitanda hakikulia wala kubonyea. Tangu alfajiri wagonjwa wote walikuwa wakiingia humo, na aliyeonekana ni wa mwisho tu.

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuja kumjulia hali mama yake, akamkuta mshona viatu akikohoa.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Yumo humo humo, kaka," muuguzi alisema. "Juu yake alikuja mwalimu, kisha dereva, na sasa huyu."

Fundi alirudi ofisini roho mkononi. Skripti, ile programu fupi ya kugawa vitanda, aliiandika mwenyewe alfajiri hiyo, mbio mbio, mama yake akisubiri kulazwa ndani ya teksi. Aliifungua. Mstari wa declare -A haukuwepo. Bila mstari huo mashine haijui kwamba safu, yaani orodha ya vitanda, inafunguliwa kwa majina ya wagonjwa; kila jina kwake ni sifuri, na kila mtu huwekwa mahali pa sifuri, juu ya aliyekuwepo.

Akauongeza. Aliyefuata, binti aliyevunjika mguu, alipata kitanda chake karibu na dirisha. Lakini safu haitunzi kilichofunikwa, na mama hakurudi. Fundi akalia pale pale mbele ya kioo cha kompyuta.

Mkuu wa hospitali akaingia.

"Nani kakutuma kugusagusa?"

"Kulikuwa na kosa, bosi."

"Kosa gani? Leo hatujamfukuza mtu hata mmoja kwa kukosa kitanda. Toa huo mstari."

"Mama yangu yumo humo."

"Basi si amelazwa? Wenzako hata hilo hawalipati."

Fundi aliufuta. Angekataa angefukuzwa kazi, na mlinzi asingemruhusu tena kupita getini kila atakapo kumwona mama.

Jioni dada yake alikuja na chupa ya chai. Kitandani alikuwepo mzee mmoja mwenye ndevu. Dada alimwinua kichwa, akamnywesha taratibu.

"Kunywa, mama."

"Sema kwa nguvu kidogo," fundi alimwambia. "Yuko chini kabisa."

"Kunywa, mama," dada alirudia, na mzee akanywa.

Muuguzi akaja akisukuma kiti cha magurudumu chenye mgonjwa mwingine.

"Tupishe kidogo, dada."

Dada akafunga chupa, akasogea.